Kompyuta ya Chama na Haraka ya Kulaumu



Nyumba nyingi zenye kompyuta ya mezani zimepitia mtihani mmoja hivi karibuni. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo endeshi wake wa Windows 10, uliokuwa ukitumika tangu Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Ziliendelea kuwaka na kufanya kazi kama jana yake. Kilichokoma ni vile viraka vya kila mwezi vinavyoziba matundu ambamo wezi wa mitandaoni hupenya. Kwa sababu hiyo wenye maduka, walimu wa madrasa na akina mama wenye vyama wamelazimika kuchagua: ama kupanda hadi Windows 11, toleo lililotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ama kubaki na kompyuta ambayo ulinzi wake unapungua mwezi hadi mwezi.

Tumeona tuwaandikie yaliyotupata sisi katika upandaji huo, kwa kuwa yalitufunza jambo linalohusu kompyuta na linalohusu watu pia. Kompyuta ilikataa kuwaka, na kabla hatujajua ina nini, tayari palikuwa na mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Sisi ni dada wawili, wenyeji wa Mombasa, tuliowafuata waume zetu bara na sasa tunaishi Migori, mji ulio kando ya barabara kuu iendayo mpaka wa Isebania. Waislamu wa huku si wengi kama wa kwetu pwani, lakini tunajuana. Katika chama chetu tuko wanawake 22: Waswahili, Wasomali, Wanubi, na Waluo waliosilimu au kuolewa katika nyumba za Kiislamu. Kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 500. Fedha hizo hukopeshwa wanachama bila ya riba, na mwishoni mwa mwaka hurejeshwa kwa wenyewe ili karo ya Januari isimkute mtu mikono mitupu. Mwaka 2025 haja ilikuwa kubwa kuliko kawaida, kwani miongoni mwetu walikuwamo akina mama ambao watoto wao walikuwa wanaingia Gredi ya 10, kundi la kwanza kabisa kufika daraja hilo katika mtaala mpya wa Kenya.

Sisi wawili ndio tuliokabidhiwa amana ya hesabu. Mwandishi wetu ni binti wa kaka yetu, msichana wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na ambaye alikuwa akisubiri kuingia chuoni. Kwa makubaliano ya kikao, daftari la mkono liliwekwa kando mwaka 2024, na hesabu zote zikaingia katika kompyuta ya mezani iliyo nyumbani kwetu: nani ametoa, nani amekopa, nani amelipa na amebakiza ngapi. Kanuni ya chama ilikuwa kwamba kila baada ya miezi mitatu hesabu zinakiliwe katika flashi, na flashi akae nayo mwenyekiti. Nakala ya mwisho ilikuwa ya mwisho wa Septemba.

Mtu asidhani kuandika madeni ni mtindo wa maofisini tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu jambo hilihili: watu wakikopeshana kwa muda, deni liandikwe, aandike mwandishi mwadilifu, na pawe na mashahidi. Chombo cha kuandikia kimebadilika kutoka ubao na wino hadi kibodi na skrini, ila wajibu haukubadilika. Hesabu ikipotea, huenda mtu akadaiwa alichokwisha kukilipa, au mwingine akasamehewa asichosamehewa na wenzake.

Katikati ya Novemba tuliamua kupandisha mfumo. Toleo jipya lina masharti yake. Kompyuta iwe na kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski isiyopungua gigabaiti 64, kichakataji kisichokuwa cha zamani sana, na kidude cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, ambacho hutunza funguo za siri za kompyuta. Yetu tuliinunua mtumba, lakini ilikuwa imetimiza yote isipokuwa moja: hicho kidude kilikuwamo ila kilikuwa kimezimwa. Binti yetu akaingia katika ukurasa wa mipangilio ya ndani, ule unaofunguka kompyuta inapoanza kuwaka kabla ya mfumo endeshi wenyewe, akakiwasha. Kisha akaanzisha upandaji. Ulianza asubuhi ya Jumamosi na kumalizika baada ya Alasiri. Kompyuta ikajizima na kujiwasha, tukaifungua, tukasoma hesabu zote zikiwa mahali pake, tukaizima kwa utaratibu na kwenda kupika chakula cha usiku.

Usiku huo ilinyesha mvua kubwa ya radi, kama inyeshavyo huku kwetu karibu na ziwa msimu wa vuli. Umeme ukakatika na haukurudi hadi Jumatatu mchana. Kile kisanduku cha betri tunachokitumia kuikinga kompyuta na kukatika kwa umeme nacho kiliishiwa nguvu, kikanyamaza.

Jumatatu baada ya Adhuhuri binti yetu akabonyeza kitufe. Skrini ikatoa maandishi meupe kwenye weusi, kwamba tarehe na saa hazijawekwa na mtumiaji abonyeze kitufe fulani ili aendelee. Akabonyeza. Ukaja ukurasa wa buluu uliosema kwamba diski ya kuanzishia haifikiki. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikarudia hayohayo. Mara ya tatu ikasema inajaribu kujitengeneza yenyewe, nayo isiweze.

Habari hazina miguu lakini hutangulia wenye miguu. Ilipofika Magharibi, wanachama watano walikuwa wamekwisha kutupigia simu. Siku ya pili maneno yakawa yameota matawi. Mmoja alisema mtoto aliingia mahali pasipoingiwa. Mwingine akasema vijana wa leo hupenda kila kipya hata kama cha zamani hakina kasoro. Wa tatu, ambaye hatutamtaja kwa sifa wala kwa nyumba, akauliza kwa nini hesabu zipotee wiki tatu tu kabla ya kugawana, na kama shangazi zake binti hawakuwa na mikopo ambayo wangependa isahaulike. Binti yetu aliyasikia hayo. Alikuja sebuleni amejitanda leso, akakaa kimya, na chakula cha siku ile hakukigusa.

Katika wanachama kulikuwa na bibi mmoja muuza omena ambaye hofu yake ilikuwa na haki zaidi kuliko ya wote. Mwezi wa Agosti alikopa shilingi 18,000 kuongeza mtaji. Oktoba akalipa 10,000, na mwanzoni mwa Novemba akamaliza 8,000 zilizobaki. Alilipa taslimu, mkononi, kama ilivyo desturi ya watu wa sokoni, na malipo yote mawili yakaandikwa ndani ya kompyuta. Kwa hiyo ile nakala ya Septemba iliyokuwa ndani ya flashi ya mwenyekiti ilikuwa bado inamwonyesha anadaiwa 18,000 kamili. Bibi huyu hakumtuhumu mtu. Alikuja nyumbani, akaketi kwenye mkeka, akasema, "Wanangu, mimi nimelipa. Kama mashine imekufa, nani atanishuhudia?"

Swali lake lilituuma. Sisi tulikuwa tunajua kwamba amelipa, tulikuwapo. Lakini ushahidi wetu katika kikao ungepimwaje, ilhali sisi ni jamaa wa binti anayesemwa?

Tuliita fundi hapo mjini. Alikuja upesi, akatazama ukurasa wa buluu, akatoa hukumu bila kuketi: mfumo mpya umeiharibu diski, dawa ni kufuta kila kitu na kupakia upya, ujira shilingi 2,500. Hatusemi kwamba alikuwa na nia mbaya. Kwake yeye kazi ni kumrudishia mtu kompyuta inayowaka, na wateja wengi hutaka hivyo. Lakini sisi haja yetu ilikuwa hesabu zilizomo ndani, na neno "kufuta" lilitutia baridi mwilini. Tukamshukuru, tukamlipa gharama ya kuja, tukamwomba asiguse kitu.

Jioni ile tulikutana na mwenyekiti, mama wa Kinubi mwenye busara na maneno machache. Akatukumbusha mafunzo ya aya ya 6 ya Surat al-Hujurat, kwamba ikija habari ihakikishwe kwanza, watu wasije wakadhuriwa kwa kutojua na walioamini wakabaki na majuto. Akapitisha mambo mawili. La kwanza, asiseme mtu tena kuhusu yule mtoto mpaka ijulikane kilichotokea. La pili, kompyuta ipelekwe kwa fundi ambaye atakubali kuchunguza kabla ya kufuta. Binamu yetu ameolewa Homa Bay, na mumewe ametengeneza kompyuta kwa miaka mingi. Tukaafikiana tumpelekee, na mwenyekiti mwenyewe akaja nasi, ili lolote litakaloonekana alione kwa macho yake.

Alhamisi alfajiri tulikifunga kile kisanduku kikuu cha kompyuta kwa leso mbili na mto wa kochi, tukakipakata ndani ya matatu kama mtoto mchanga. Tulipita mashamba ya miwa ya Awendo, tukabadilisha gari Rongo, tukapita njia panda ya Rodi Kopany, hata tukauona mlima Asego na maji ya ghuba ya Winam chini yake. Binti yetu alikuwa kati yetu. Njia nzima hakusema ila kuomba dirisha lifunguliwe.

Shemeji yetu alitukaribisha chai kwanza. Kisha akamgeukia binti, wala si sisi, akamwambia, "Mwanangu, nieleze yote tangu mwanzo, polepole, kwa mpango." Na alipomaliza kusikiliza akauliza maswali matatu, ambayo tunayaandika hapa kwa kuwa yanafaa kuulizwa na kila mwenye kompyuta iliyogoma.

La kwanza: baada ya kupandisha mfumo, kompyuta iliwahi kuwaka vizuri? Binti akajibu kwamba ndiyo. Ilijizima na kujiwasha yenyewe mara kadhaa wakati wa upandaji, na mwisho ikafunguka, hesabu zikasomwa. "Basi," akasema shemeji, "mfumo mpya si wa kwanza kushukiwa. Uliowasha kompyuta Jumamosi ungeweza kuiwasha Jumatatu."

La pili: baina ya mara ya mwisho ilipowaka na mara ya kwanza ilipokataa, kilibadilika nini? Tukafikiri. Hakuna aliyeigusa. Kilichotokea ni mvua na kukosekana umeme kwa zaidi ya siku moja.

La tatu: ujumbe wa kwanza kabisa ulisemaje? Si ule wa buluu, bali uliotangulia. Binti akakumbuka: tarehe na saa hazijawekwa.

Shemeji akatabasamu, akaiunganisha kompyuta na skrini yake, akaingia kwenye ule ukurasa wa mipangilio ya ndani. Akatuita tutazame. Pale juu palikuwa na tarehe. Kompyuta yetu ilikuwa inaamini kwamba ni tarehe 1 Januari ya mwaka uliopita zamani, kabla hata hatujainunua.

Akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kisanduku, akatuonyesha juu ya ubao mkuu kitu cha mviringo kinachong'aa, mfano wa sarafu. Hiyo ni betri. Nambari yake ni CR2032, na nambari zenyewe zina maana: upana wake ni milimita 20 na unene wake milimita 3.2. Ikiwa nzima hutoa volti 3. Akaipima, kipimo kikasoma volti moja na kitu.

Kazi ya betri hii ni ndogo nayo ni kubwa. Tangu mwaka 1984, IBM ilipotoa kompyuta yake iliyoitwa PC AT, kompyuta za mezani zimekuwa na saa ya ndani inayoendelea kutembea hata zikichomolewa ukutani, na saa hiyo hulishwa na betri. Katika kompyuta nyingi betri hiyohiyo hulinda pia mipangilio ya ndani: diski isomwe kwa njia gani, kidude cha usalama kiwe kimewashwa au kimezimwa, kompyuta ianze na kifaa gani. Maadamu waya uko ukutani na umeme upo, kompyuta hujilisha kutoka huko, na betri ikifa hakuna anayejua. Siku umeme ukitoweka kwa muda mrefu, saa inasimama, mipangilio inasahauliwa, na umeme ukirudi kompyuta huamka na mipangilio ya kiwandani, kama mtu aliyepoteza fahamu akaamka akiutaja mtaa aliozaliwa badala ya mtaa anaoishi.

Ndivyo ilivyotupata. Aliyeiandaa kompyuta yetu kabla hatujainunua alikuwa ameipanga isome diski kwa njia moja, na mpangilio wa kiwandani ulikuwa wa njia nyingine. Betri ilipokufa kompyuta ikaishika ile ya kiwandani, na mfumo endeshi ukawa hauioni diski yake mwenyewe. Diski haikuwa na kasoro, na hesabu hazikuguswa. Kilichopotea ni mlango wa kuingilia.

Tukamuuliza, mbona umeme hukatika Migori mara nyingi na haya hayakutokea? Akasema kwamba betri ya namna hii huishi miaka kadhaa na hufa polepole, na kile kisanduku cha akiba ya umeme kilikuwa kikiisitiri. Ingekufa wiki hiyo, mfumo ukiwa wa zamani au mpya.

Betri mpya ilinunuliwa duka la jirani kwa shilingi 100. Shemeji akaitia, akaweka tarehe na saa, akarudisha njia ya kusoma diski, akakiwasha tena kile kidude cha usalama. Kisha akaondoka kitini, akamwambia binti yetu akae yeye na abonyeze kitufe.

Kompyuta ikawaka. Hakuna aliyesema neno. Binti akafungua faili ya hesabu, akashuka moja kwa moja hadi jina la yule bibi muuza omena. Malipo mawili yalikuwapo, ya Oktoba na ya Novemba, kila moja na tarehe yake, na mbele yake deni limeandikwa sifuri. Kila malipo yaliandikwa siku yaleyale yalipopokewa. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa kidole, akaivua miwani na kumshika binti yetu mkono. Msichana akalia, nasi tukamwacha alie.

Jambo ambalo lingeweza kufichika lilikuwa hili: aliyekuwa akisemwa kwamba amefuta haki za watu ndiye aliyekuwa amezihifadhi. Lau tungekubali kompyuta ifutwe, haki ya yule bibi ingekwenda pamoja na heshima ya msichana, na hakuna ambaye angejua kamwe kwamba kosa halikuwa la mtu yeyote.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba si kila shida ilikuwa ya betri. Tuliporudi Migori printa yetu, iliyokuwa nzee kuliko kompyuta, ilikataa kuchapa. Hiyo kweli ilitokana na upandaji, kwani printa huhitaji programu yake ya kuifasiria kompyuta, na ile ya zamani haikuelewana na mfumo mpya. Binti akaifuta, akapakua programu inayolingana na toleo jipya, ikachapa. Ilimchukua nusu saa. Tunalitaja hili kwa kuwa kuhakikisha hakumaanishi kulitetea jambo jipya kwa kila hali. Maana yake ni kila kosa kupewa mwenyewe.

Kikao cha Jumamosi iliyofuata mwenyekiti alieleza yote kwa dakika kumi, akaiweka ile betri iliyokufa mezani ili kila mmoja aione. Waliokuwa wamesema walimwomba binti radhi mbele ya watu, naye akasamehe. Tukagawana mapema Desemba kama ilivyopangwa. Kikao kikaongeza kanuni mbili: hesabu zinakiliwe kila wiki katika flashi mbili zinazokaa nyumba mbalimbali, na kila anayelipa deni apewe karatasi iliyotiwa saini papo hapo.

Kwa wasomaji ambao nao wako njiani kupandisha mifumo yao, tunatoa nasaha chache tulizozichuma katika safari ile.

Kabla ya kuanza, nakilini kila chenye thamani mahali pawili nje ya kompyuta yenyewe. Ingieni katika ukurasa wa mipangilio ya ndani, mpige picha kwa simu kila ukurasa ulivyo, hata msipofahamu maana yake, fundi atafahamu. Ikiwa diski yenu imefungwa kwa siri ya BitLocker, andikeni kwenye karatasi ufunguo wake wa kuokolea wenye tarakimu 48, maana kubadilika kwa mipangilio kunaweza kuifanya kompyuta iudai. Na ikiwa kompyuta ina miaka mitano au zaidi, badilisheni ile betri ya sarafu kwanza.

Ikigoma, someni ujumbe wa kwanza, wala msiuruke. Tazameni tarehe. Tarehe ikiwa si sahihi, hata kompyuta inayowaka itawasumbua. Tovuti salama, kama zile za benki na za huduma za serikali, hujitambulisha kwa hati zenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama pasipoti. Kompyuta inayodhani ni mwaka mwingine huziona hati hizo hazifai na kukataa kufungua, na watu hudhani wamevamiwa na wezi. Kabla ya kukubali neno "kufuta", waulizeni mafundi wenu: umejuaje kwamba diski ndiyo mbovu?

Ambao kompyuta zao hazitimizi masharti ya Windows 11 wasizitupe kwa haraka. Microsoft imeruhusu watumiaji wa nyumbani kujiandikisha wapate masasisho ya ziada ya usalama ya Windows 10 hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Aidha kuna mifumo endeshi isiyolipiwa inayokubali mashine za zamani, kama vile Ubuntu, uliotoka mara ya kwanza mwaka 2004.

Na neno moja kwa akina mama wenye watoto wadogo. Betri ya sarafu iliyotolewa msiiache mezani wala kwenye droo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kumuunguza ndani vibaya katika muda wa saa 2 tu, hata kama inaonekana imekwisha nguvu. Msimtapishe, mkimbizeni hospitali mara moja. Ile yetu, baada ya kikao, tuliifunga pande zote kwa utepe wa gundi na kuiweka mbali.

Binti yetu amebaki kuwa mwandishi wa chama. Alipoulizwa kikaoni kama bado anaitaka kazi hiyo, alisema ataifanya hadi siku atakapoingia chuoni, na kwamba sasa kila asubuhi kitu cha kwanza anachokitazama kwenye skrini ni tarehe. Tunamwombea yeye na vijana wote wanaobeba amana za wakubwa wao, Mwenyezi Mungu awape watu wa kuwauliza kabla ya kuwahukumu.

Wabillahi tawfiq.